DAWA YA DENI NI KULIPA: TULIOKOE DUKA LA JIRANI YETU

Hotuba iliyosomwa mbele ya wahitimu wa kisomo na majirani zao, Kilimatinde, wilaya ya Manyoni.

Sisi tunaosimama mbele yenu ni watu watano. Mlitutuma kwenda kuzungumza na jamaa wenye lile duka dogo, ili tujue kwa nini rafu zake zinabaki tupu. Tumekwenda. Tumekaa nao jioni tatu. Tumewaomba ruhusa ya kusema haya tutakayosema, nao wamekubali. Jina lao hatutalitaja, maana hotuba hii itachapishwa katika gazeti. Lakini ninyi mnawajua, na duka mnalijua.

Habari yenyewe ni fupi. Duka hilo linaweza kufungwa kabla ya mavuno. Wateja wapo. Mwenye duka si mvivu. Linakufa kwa sababu mali yake imekwisha toka nje, imekwisha liwa, na fedha yake haijarudi.

DUKA LILIVYO SASA

Duka lilianzishwa na mzee ambaye sasa ni marehemu. Leo linaendeshwa na mjane wake, pamoja na binti yao mkubwa na kijana mmoja aliye sekondari. Zamani ulikuwa ukiingia pale unakuta sukari, unga wa sembe, mafuta ya kula, sabuni ya mche, chumvi, viberiti, betri za tochi, kalamu na madaftari ya watoto.

Jioni ya kwanza tulihesabu kilichobaki. Tulikuta pakiti za chumvi, viberiti, vipande vichache vya sabuni, chupa mbili za mafuta, madaftari ya shule na kopo la pipi. Sukari hakuna. Unga hakuna.

Lakini chini ya meza ya kuuzia lipo kaunta buku moja kubwa. Hilo limejaa. Majina ya watu hatukuyasoma, kwa sababu deni ni siri ya mtu. Tulimwomba binti ahesabu tu. Alikuta majina 46. Deni dogo kuliko yote ni Sh. 1,500/=. Deni kubwa kuliko yote ni Sh. 95,000/=. Ukijumlisha yote unapata Sh. 1,240,000/=.

Hebu fikirini, ndugu zetu. Shilingi milioni moja na laki mbili na arobaini elfu! Huo ndio mtaji wa duka. Mtaji ni ile fedha ya kununulia mali, ukauza, ukanunua tena. Mtaji ukikwama, duka limekwama. Ni kama mbegu. Mkulima akila mbegu yote wakati wa kiangazi, mvua ikinyesha atapanda nini?

Tena kuna jambo la haraka. Mtu mmoja ameomba kupanga chumba kile ili afungue baa. Anatoa kodi ya miezi sita kwa mara moja. Mama mwenye duka amemwomba asubiri hadi mwisho wa mwezi huu. Kwa hiyo hatuna muda wa kuzunguka mbuyu.

HESABU YA MFUKO MMOJA WA SUKARI

Wapo wanaosema, "Ah, mwenye duka ana fedha nyingi, hawezi kuumizwa na kilo mbili tatu." Sisi tumesoma hesabu katika kisomo. Basi tusibishane kwa maneno, tuandike ubaoni.

Tuchukue mfuko mmoja wa sukari wa kilo 50. Bei hupanda na kushuka, kwa hiyo hesabu hii ni ya mfano.

Kununua mfuko kwenye duka la jumla Manyoni: Sh. 140,000/=
Kuusafirisha hadi hapa: Sh. 3,000/=
Jumla ya gharama: Sh. 143,000/=

Akiuza kila kilo kwa Sh. 3,000/=, kilo 50 zinaleta Sh. 150,000/=.
Toa gharama Sh. 143,000/=.
Inabaki faida ya Sh. 7,000/=.

Elfu saba tu! Na hapo hatujatoa leseni, wala kodi, wala sukari inayomwagika wakati wa kupima. Wala hatujahesabu chakula cha familia.

Sasa watu watatu wakope kilo moja moja, wasilipe. Kilo tatu ni Sh. 9,000/=. Mwenye duka atapata Sh. 141,000/= badala ya Sh. 150,000/=. Alitoa Sh. 143,000/=. Faida yote imekwenda, na juu yake amepata hasara ya Sh. 2,000/=. Ameuza kilo 47 kwa fedha taslimu, amesimama pale siku nyingi, na amerudi nyumbani na hasara. Kwa sababu ya kilo tatu!

Hesabu hii inatufundisha kwamba deni dogo kwa mkopaji ni kubwa kwa mkopeshaji. Mtu anasema, "Mimi nadaiwa kilo moja tu, hiyo si kitu." Lakini wakiwa watatu wa namna hiyo, mfuko mzima umekufa.

KWA NINI TUNAKOPA?

Tusikimbilie kulaumu. Mkulima hana mshahara wa kila mwezi. Huku kwetu mvua ni ya msimu mmoja. Tunapanda mvua zikianza, tunapalilia, tunangoja. Fedha inapatikana tukivuna uwele, mtama, karanga na alizeti, au mtu akipeleka mbuzi mnadani. Lakini chumvi inatakiwa leo. Sabuni inatakiwa leo. Mtoto akirudishwa nyumbani kwa kukosa daftari, hawezi kungoja alizeti ikauke.

Hapo ndipo duka la jirani linapotusaidia. Linatupa chumvi mwezi wa Februari, nasi tunalipa mwezi wa Juni. Maduka makubwa ya Manyoni hayafanyi hivyo. Ukifika pale bila fedha, utarudi na kikapu kitupu, kwa sababu hawakujui wewe wala baba yako. Huyu wa hapa anakujua. Anajua shamba lako liko wapi. Anajua mkeo amejifungua juzi. Ndiyo maana anakupa.

Kwa hiyo, ndugu, kukopa si kosa. Wazee walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Shida inaanza mavuno yakiingia. Mtu anapitia njia ya nyuma ili asionekane dukani, na ile fedha mpya anaipeleka kununua mahali pengine. Anaona aibu kwa sababu anadaiwa. Aibu inamfukuza, duka linapoteza deni lake na mteja wake kwa pamoja.

LIKIFUNGWA, NANI ATAPATA TABU?

Wa kwanza ni wazee. Mzee wa miaka 75 hawezi kupanda bodaboda kwenda kutafuta kiberiti.

Wa pili ni wanaouguza. Hapa Kilimatinde tuna hospitali ya Kanisa la Anglikana. Watu wanaleta wagonjwa kutoka vijiji vya mbali. Anayeuguza anahitaji sabuni, sukari ya uji na mafuta ya kupikia. Yeye ni mgeni, hana jamaa hapa. Duka likiwa karibu ni msaada mkubwa.

Wa tatu ni watoto wa shule. Wa nne ni kila mwenye nyumba ambaye usiku, chumvi imekwisha na mboga iko jikoni.

Wengine watasema, "Bei za Manyoni ni nafuu." Ni kweli. Hebu tupige hesabu tena. Tuseme unataka sukari kilo 2, mafuta lita 1 na sabuni miche 2. Tuseme Manyoni utaokoa Sh. 400/= kwenye sukari, Sh. 300/= kwenye mafuta na Sh. 400/= kwenye sabuni. Jumla umeokoa Sh. 1,100/=. Nauli ya kwenda na kurudi, tuseme ni Sh. 6,000/=. Toa 1,100 katika 6,000. Umepoteza Sh. 4,900/=, pamoja na siku nzima ya palizi. Unafuu uko wapi?

Ukiwa na safari yako nyingine, nunua huko, hakuna atakayekukataza. Lakini tusidanganyike kwamba duka la mbali linaweza kuchukua nafasi ya duka la karibu.

MAMBO YA ZAMANI YANATUFUNDISHA

Kilimatinde si mahali pageni katika biashara. Kabla ya reli, misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Ugogo. Ilihitaji maji na nafaka, na ililipa hongo kwa watemi ili ipite. Wajerumani wakajenga boma hapa Kilimatinde. Halafu ikaja reli ya kati. Ilifika Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Reli hiyo ilipita Saranda na Manyoni, haikupita hapa. Biashara ikaifuata, na makao ya wilaya yakawa Manyoni. Kwa hiyo sisi tunajua jinsi biashara inavyoweza kuhama na kuacha watu.

Tunajua pia maisha ya kijiji bila duka. Wazee waliopo hapa wanakumbuka mwaka 1976, wakati wa Operesheni Maduka. Serikali ilitaka biashara ya rejareja vijijini iwe mikononi mwa vijiji na ushirika. Nia ilikuwa kuzuia unyonyaji. Lakini sehemu nyingi maduka ya watu binafsi yalifungwa kabla maduka ya kijiji hayajawa tayari. Mengine yalifunguliwa, yakakosa bidhaa, au yakakosa mtu wa kuandika hesabu vizuri. Watu wakapata shida, na serikali yenyewe ikapunguza kasi ya operesheni hiyo.

Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1980, nchi nzima ilipungukiwa bidhaa. Sabuni, sukari, mafuta na nguo vilikuwa vya kutafuta. Watu walipanga foleni tangu alfajiri. Mwaka 1983 ikaja vita dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi, iliyoongozwa na Waziri Mkuu, Edward Moringe Sokoine. Kuanzia mwaka 1984 milango ya biashara ikaanza kufunguliwa, na maduka madogo ya familia yakaongezeka tena.

Tunayakumbusha haya kwa sababu vijana wanadhani duka ni kama mlima, lipo tu siku zote. Wazee waulizwe. Duka linaweza kutoweka, na likitoweka chumvi inageuka kuwa safari.

Kuna mfano mwingine wa mbali, lakini unatufaa. Mwaka 1844, katika mji wa Rochdale huko Uingereza, wafanyakazi 28, wengi wao wafumaji wa nguo, walikusanya paundi 28. Wakafungua duka lao la ushirika. Walianza na vitu vichache: unga, siagi, sukari na mishumaa. Kabla yao duka jingine la ushirika pale pale mjini lilikwisha kufa kwa sababu ya madeni. Basi wao wakaweka sharti: kila mtu anunue kwa fedha taslimu. Duka lao likakua, na ushirika wa nchi nyingi ulijifunza kutoka kwao.

Sisi hatusemi tuige kila kitu. Mfanyakazi wa Rochdale alipata ujira wake kila juma, sisi tunavuna mara moja kwa mwaka. Tukikataza mkopo kabisa, tutaumiza watu. Lakini somo lao ni hili: duka linaweza kuvumilia umaskini wa wateja wake, haliwezi kuvumilia madeni yasiyo na mwisho.

MANENO TULIYOYASIKIA

Tulipokuwa tukizunguka, tulisikia maneno ya watu. Tunayajibu kwa heshima.

Wengine wanasema, "Hilo ni duka la mtu binafsi. Kikundi kinaingiaje?" Jibu letu ni kwamba duka ni la familia, lakini chumvi ni ya wote. Kisima kikiwa katika shamba la mtu na kijiji kizima kinachota, kikianza kubomoka wachotaji hawakai wakitazama.

Wengine wanasema, "Mwenye duka ni mnyonyaji." Tulifundishwa kuogopa unyonyaji, na ni vizuri kuendelea kuuogopa. Ndiyo maana tumeonyesha hesabu. Anayepata elfu saba katika mfuko mzima, halafu anakopesha kilo kumi, ni nani anayenyonywa hapo?

Wengine wanasema, "Acha life, tutafungua duka letu la ushirika." Ushirika ni jambo jema, watu wakiutaka wenyewe na hesabu zikawa wazi. Lakini lazima tuulize: mtaji tutatoa wapi? Nani atalala pale na kufungua mlango usiku mgonjwa akihitaji sukari? Na wale walioshindwa kulipa duka hili, watalipaje duka la ushirika? Tujifunze kwanza kulipa.

Na wengine, kwa unyonge, wamesema, "Sina fedha sasa." Hao tunawaelewa. Mapendekezo yetu yamewafikiria.

MAPENDEKEZO YETU

Kwanza, kila mtu akasome ukurasa wake. Mama amekubali kutenga jioni mbili, Jumanne na Alhamisi. Utakwenda peke yako. Utasoma jina lako, tarehe, ulichochukua na bei yake. Hakuna atakayetangaza deni lako mkutanoni. Asiyeweza kusoma aende na mtu anayemwamini. Ukiona kosa, sema pale pale. Msipoelewana, wewe chagua mzee mmoja na mama achague mzee mmoja, wawasikilize. Mkielewana, weka sahihi yako. Ndugu, tulijifunza kuandika majina yetu ili tusiweke dole gumba katika karatasi tusiyoielewa. Mahali pa kutumia elimu hiyo ni hapa.

Pili, tulipe kwa vipande. Tuseme mtu anadaiwa Sh. 27,000/=. Alipe Sh. 3,000/= mwezi huu. Zinabaki Sh. 24,000/=. Hizo alipe Sh. 8,000/= mwezi wa Mei, Sh. 8,000/= Juni na Sh. 8,000/= Julai. Deni limekwisha. Anayetaka kulipa kwa mazao alipe kwa mazao: uwele, mtama, karanga au alizeti. Lakini mazao yapimwe kwa mizani, na bei iwe ya siku hiyo. Rumbesa hatutaki, na kukadiria kwa macho hatutaki. Anayelipa kwa simu atunze ujumbe wake. Kila malipo yaandikwe siku hiyo hiyo, mbele ya mlipaji.

Tatu, tuwabebe wasioweza. Katika majina yale 46 wapo wazee wasio na mtu, na wapo wagonjwa. Hao tusiwasukume. Lakini pia tusimwachie mjane mmoja mzigo wa huruma ya mtaa mzima. Leo tuko hapa watu kama 60. Kila mmoja akitoa Sh. 1,000/=, tunapata Sh. 60,000/=. Fedha hiyo ilipe madeni ya wasioweza, kwa siri na kwa heshima. Haba na haba hujaza kibaba.

Nne, mkopo mpya uwe na mpaka. Tunapendekeza usizidi Sh. 15,000/= kwa nyumba moja, na ulipwe ndani ya siku 30, isipokuwa kama mmekubaliana na kuandika kwamba utalipwa wakati wa mavuno. Ukopeshwe kwa ajili ya unga, chumvi, sukari, mafuta, sabuni, mahitaji ya shule na ya mgonjwa. Soda, sigara na vocha ya simu vilipiwe taslimu. Asiyelipa kipande chake cha deni la zamani, na hana sababu, asikopeshwe deni jipya.

Tano, kila nyumba ichague vitu vitatu ambavyo itanunua hapa siku zote. Labda chumvi, sabuni na mafuta. Vile vile tukiwa na harusi, kipaimara au msiba, tuagize sukari na mchele kupitia duka hili, na tutoe fedha mbele. Mama atanunua kwa bei ya jumla na kupata faida yake ndogo. Nasi tutapunguza safari za kila mtu kukimbilia Manyoni.

Ndugu, mkumbuke ile Sh. 1,240,000/=. Ikirudi yote, inatosha kununua mifuko minane ya sukari pamoja na usafiri, ambayo ni Sh. 1,144,000/=. Zitabaki Sh. 96,000/= za chumvi na sabuni. Hata ikirudi nusu tu, rafu zitaanza kujaa. Hatuhitaji mfadhili kutoka mbali. Fedha ya kuliokoa duka hili imo humu humu mtaani.

WAJIBU WA WENYE DUKA

Tusingekuwa watu wa haki kama tungesema na wateja tu. Tulisema na wenye duka pia, nao wameahidi mambo haya.

Watakuwa na vitabu viwili. Kimoja cha mauzo na manunuzi ya kila siku. Kingine cha madeni. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Watatenga mfuko wa duka na mfuko wa nyumbani. Hili ni jambo linaloua maduka mengi ya familia. Mtoto anachukua biskuti, mjomba anachukua sabuni, mgeni anapikiwa mchele wa dukani, na hakuna kinachoandikwa. Kuanzia sasa, hata mama mwenyewe akichukua kiberiti, ataandika.

Wataandika bei ukutani, ili mtoto akitumwa ajue atalipa kiasi gani. Mizani itakuwa ile iliyokaguliwa na Wakala wa Vipimo. Bidhaa iliyopita tarehe yake itaondolewa. Na kila mwisho wa mwezi watahesabu mali yote iliyomo, waone kama mtaji unaongezeka au unapungua. Binti yao ameomba mwalimu wetu wa kisomo amsaidie hesabu hiyo kwa miezi mitatu ya kwanza. Mwalimu amekubali.

TUNAOMBA UAMUZI

Ndugu Mwenyekiti, hatukuja kuomba watu wapige makofi halafu waende nyumbani. Tunaomba mkutano huu uamue mambo matatu kabla jua halijatua.

La kwanza, tukubali au tukatae mapendekezo haya matano. Kama kuna lenye kasoro, lirekebishwe hapa hapa.

La pili, tuchague watu watatu wa kufuatilia. Angalau wawili wawe akina mama, kwa sababu wao ndio wanaojua chumvi inapoisha.

La tatu, mchango wa shilingi elfu moja uanze leo. Kikapu kiko mezani, na karani yupo na kalamu yake. Asiye na elfu moja atoe alicho nacho, kiandikwe.

Mama yule anangoja jibu letu. Yule mwenye kutaka kufungua baa naye anangoja jibu. Mwisho wa mwezi mmoja wao ataambiwa ndiyo. Dawa ya deni ni kulipa, na sisi tunajua kusoma ukurasa, tunajua kujumlisha, tunajua kutoa. Jumanne jioni mlango uko wazi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Katika mfano wa mfuko wa sukari, mwenye duka anapata faida gani kilo zote zikilipwa? Anapata hasara gani kilo tano zisipolipwa?
2. Je, kijijini kwenu lipo duka, mashine ya kusaga au genge linalokufa kwa madeni? Nani watapata tabu likifungwa?
3. Mtu anadaiwa Sh. 18,000/=. Amelipa Sh. 3,000/=. Mpangie namna ya kulipa zilizobaki kwa miezi mitatu.
4. Je, mkopo mpya uwe na mpaka gani kijijini kwenu? Toeni sababu.